Mara Mbili Begani

Yaliyompata Byamungu wa mji wa Fridley ameyasimulia mara moja tu, naye si mtu wa porojo.

Kabla ya kuja Marekani alibeba abiria kwa pikipiki kule Bukavu, na desturi yao ni kwamba dereva hageuki nyuma: abiria akishakaa, humgonga begani mara mbili, safari ikaanza. Septemba iliyopita alimpakia mkewe, Mutesi, kwenye pikipiki yake ya huku, wakazuru misitu ya kaskazini. Safari hiyo ilikuwa ya kufuta kosa, maana yeye alitangulia kuja huku, akamwacha Mutesi katika kambi ya wakimbizi miaka sita. Alikuwa amemwapia kwamba hatamwacha tena.

Alasiri walisimama kwenye kituo cha mafuta, Mutesi akaingia dukani. Byamungu akawasha injini, akangoja. Kiti kikabonyea. Akagongwa begani mara mbili, akaondoka.

Misonobari ilibana barabara mpaka kukawa giza, na hapakuwa na sauti nyingine ila mngurumo wa injini.

“Mama Rukundo, umelala?” akatania. Mikono ikamkaza kiunoni.

Maili thelathini mbele, simu ikalia kwenye spika za ndani ya helmeti.

“Baba Rukundo!” Mutesi alikuwa akilia. “Umeniacha tena! Niko hapa dukani, kahawa yako inapoa.”

Byamungu akasimama, akazima injini. Msitu wote ulikuwa kimya. Hakugeuka. Nyuma yake alisikia pumzi za taratibu, kama za mtu aliyezoea kungoja. Kisha akagongwa begani, mara mbili.