Namba Chini ya Gari

Jumamosi ile soko la Tandika lilikuwa limefurika, watu bega kwa bega, na Suhaib alikuwa anapenya katikati yao huku amenyanyua basi juu ya kichwa. Basi lenyewe lilikuwa na urefu wa mkono wake, lina taa, vioo na viti, kalitengeneza mwenyewe kwa miezi miwili na alikuwa analipeleka kwa mteja. Shati lake jeupe lilikuwa na madoa ya rangi tatu. Alikuwa anaomba njia kwa sauti ya mtu aliyebeba uji wa moto.

"Kaka, simama! Hilo basi limeandikwa na mlevi?"

Suhaib akageuka. Mlangoni mwa kibanda cha stika alisimama dada mmoja, dera la zambarau, ushungi mweusi, kalamu kaichomeka sikioni, hana hata soni ya kuponda kazi ya mtu mbele ya soko zima.

"Nimeandika mwenyewe, sista. Kwa brashi."

"Basi pole. R imelala, E inapanda mlima. Gari zuri hivyo unalivalisha kandambili?"

Watu wakacheka. Suhaib alikuwa na haki ya kununa, ila aliyatazama maandishi yake akaona R imelala kweli.

"Wewe ungefanyaje?"

"Lete nikuoneshe. Mie naitwa Shamimu. Na hiyo mikono ishushe, utaniangushia basi."

Alikuwa fundi haswa. Aliandika jina la basi kwenye kompyuta, akalipunguza hadi kila herufi ikawa ndogo kuliko punje ya mchele, akalichapa kwenye karatasi yenye utando mwembamba, kisha akapuliza vanishi juu yake na kuianika.

"Hii vanishi ndiyo roho ya kazi," alisema. "Ukiisahau, ukitia kwenye maji wino wote unayeyuka. Unabaki na sahani ya maji machafu na aibu yako."

Ilipokauka akaikata, akailoweka kwenye sahani, na muda si mrefu utando ukateleza ukaiacha karatasi. Akausukuma kwa brashi hadi ubavuni mwa basi. Jina likakaa sawasawa, kama basi limezaliwa nalo. Suhaib alisahau mteja anayemsubiri. Alikuwa anaangalia vile vidole.

Tangu siku hiyo hakuna gari la Suhaib lililotoka bila mkono wa Shamimu. Suhaib alikaa Kinondoni, Shamimu Temeke, na umbali huo waliuziba kwa simu.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Wewe umekula chakula au umekula gundi?"

"Nimekula gundi, nasubiri uninatie hapohapo."

"Mwongo mkubwa wee! Haya, hilo lori la watu rangi imekauka?"

Mapenzi yaliwakolea. Lakini kulikuwa na mambo ambayo Suhaib aliyaona akayafumbia macho. La kwanza ni saa nne asubuhi. Ikifika saa nne kamili, hata kama Shamimu yuko katikati ya kicheko, ananyamaza na kuinamisha kichwa upande wa barabara, anasikiliza. Kwenye simu ndiyo kabisa, Suhaib alidhani mtandao umekata.

"Shamimu? Upo?"

"Nipo. Subiri kidogo."

Na sauti yake ikirudi, ilirudi imepoa.

La pili ni Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri alikuwa hapatikani, anakwenda kwa shangazi yake Kiwalani. Na la tatu lilikuwa chini ya magari. Kila kazi aliyoimaliza, Shamimu aliigeuza na kubandika tumboni mwa gari namba ndogo mno: T 407 BZK.

"Hii ya nini?" Suhaib aliwahi kuuliza.

"Alama yangu ya kazi."

Suhaib alitosheka na jibu hilo. Mwanamume akishapenda haulizi mara mbili, na huo ndio ujinga wetu.

Miezi minane ilipita hivyo. Kisha akapiga simu Bwana Theonest, Mhaya mwenye mabasi, yule yule aliyeagiza basi la Tandika.

"Suhaib, wewe ni kama mwanangu, lakini hapa umenikosea. Dereva wangu anakaa Kiwalani. Leo ameligeuza lile basi pale mezani kwangu, akatetemeka. Anasema hiyo namba ni ya kirikuu cha marehemu, kiko nyuma ya nyumba ya watu mpaka leo. Mimi mabasi yangu yanabeba roho za watu. Unaniwekea gari la maiti ofisini?"

"Mzee, mie sijui lolote."

"Basi kajue. Na hili basi njoo ulichukue."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Suhaib alielekezwa na yule dereva, akaingia vichochoro vya Kiwalani hadi nyuma ya nyumba moja ya bati jekundu. Kirikuu kilikuwepo, kile kigari kidogo cha mizigo, cha bluu, hakina matairi, kimekalia matofali. Mbele kilikuwa kimebonyea hadi kwenye usukani. Nyuma, kwenye bodi, yalikuwepo maandishi meupe yaliyochorwa kwa mkono alioujua: NARUDI. Kutu ilikuwa imekula kila kitu, lakini kioo kimoja kilichobaki kilikuwa kinang'aa kama cha gari jipya.

Shamimu alikuwa anakifuta. Alivaa baibui, ameinama dirishani, anazungumza taratibu. "Jana mvua imeninyeshea mpaka Mbagala. Ungekuwepo ungenicheka..." Ndege ikapita chini kwenda kutua, ikayameza maneno mengine.

Suhaib alisogea hadi nyuma yake, jua la saa nane likimchoma.

"Huyu ndiye shangazi?"

Kitambaa kikamdondoka Shamimu. "Suhaib! Nisikilize kwanza."

"Ni nani?"

"Abdulrahman. Alikuwa mchumba wangu. Zilibaki wiki tatu tufunge ndoa." Alijishika kwenye mlango wa gari. "Alikuwaga anabeba nyama kutoka machinjioni Vingunguti. Akimaliza kushusha, saa nne anapita pale kwangu anapiga honi. Mbili fupi, moja ndefu. Siku aliyopata ajali hakupita. Mwaka wa nne huu, na honi bado naisikia."

"Na namba yake umeibandika kwenye magari yangu yote."

"Nilitaka gari lake liendelee kwenda mahali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungebaki?"

Wivu ulimpanda Suhaib, na ulikuwa wivu mbaya kwa kuwa hakuwa na wa kumwelekezea.

"Angekuwa hai ningeshindana naye," alisema. "Ningemshinda au angenishinda, yakaisha. Huyu nitamfanya nini, Shamimu? Unataka nikuoe wewe na yeye?"

"Nitaachaje kuja? Mama yake kabaki na hili gari tu. Siku nikiacha, atajua na mie nimemsahau mwanawe."

"Basi endelea kulifuta."

Akaondoka. Shamimu alimpigia mara kumi na moja siku hiyo, na mara kumi na moja Suhaib aliitazama simu ikilia. Dirishani mwa nyumba ile kulikuwa na mama wa makamo aliyeyasikia yote. Wala hakufunga pazia.

Jumatatu simu ya Suhaib iliita kwa namba ngeni.

"Wewe ndiye fundi wa vigari? Namba yako nimepewa na yule dereva. Mie Mwanabaraka, mama yake Abdulrahman. Njoo mwanangu, tuzungumze."

Hakuwa na hamu, ila mama wa mtu humkatalii. Alimkuta barazani, kanga mbili, tasbihi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Ijumaa ulisema maneno makali nyuma ya nyumba yangu."

"Nisamehe, mama."

"Sikukuitia hilo. Nimekuita kwa sababu nimesikia kitu sikukijua." Akashusha sauti. "Hilo gari nilishapata watu wa kulibeba, mara mbili. Nikifungua dirisha alfajiri ndilo la kwanza kuliona, na kila siku mwanangu ananifia upya. Nikitaka kusema lichukuliwe, namkumbuka yule binti na kitambaa chake. Ijumaa akija asilikute, nitamwambia nini? Nimeliacha kwa ajili yake."

"Na yeye anakuja kwa ajili yako."

"Ndilo nililolisikia." Bi Mwanabaraka akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Miaka minne tunaoneana huruma, kumbe tunachomana moyo. Sasa nani ataanza kumwambia mwenziwe?"

Hasira aliyokuja nayo Suhaib haikuwa na pa kukaa tena. Akainuka, akamwambia atamjengea dogo la kukaa ndani badala ya hilo, akatoa futi mfukoni, akaenda nyuma ya nyumba kulipima lile gari, bodi, milango, magurudumu yasiyokuwepo.

Alilijenga kwa siku kumi. Mama alimpa picha moja ya kirikuu kikiwa kizima, na Suhaib akalitengeneza hivyo, pua yake haijaguswa, taa zote mbili zinatazama mbele. Siku ya saba, saa nne asubuhi, akiwa anapaka bluu ya mwisho, alisikia honi nje. Mbili fupi, moja ndefu. Akaweka brashi chini. Akafungua dirisha: hakukuwa na gari lolote, ni mama muuza vitumbua tu anapanga sahani zake. Jambo hilo hakumsimulia mtu yeyote. Alirudi mezani, akakiambia kile kigari cha bluu kwa sauti ndogo, "Namaliza, braza. Nivumilie." Kisha akapiga simu aliyoiogopa.

"Shamimu."

"Nilidhani namba yangu umeitupa."

"Nina kazi. Maandishi ya kirikuu."

"Kirikuu cha nani?"

"Unajua cha nani. Bila mkono wako hakijakamilika."

Alikuja Kinondoni siku ya kumi, na mfuko wenye kompyuta, printa ndogo na vifaa vyake, amekonda kidogo, dera la kijani limemlegea mabegani. Alipoliona gari mezani aliziba mdomo. Alikuwa ameshasahau sura ya mbele ya lile gari. Miaka minne alikuwa anaijua iliyobonyea tu.

"Hili ni la mama yake," Suhaib alisema. "Anataka lile la nyuma ya nyumba liondoke. Alikuwa analiacha kwa ajili yako."

Shamimu alikaa kwenye stuli. "Kwa ajili yangu?"

"Yako."

Shamimu alichapa namba, ya mbele na ya nyuma, akachapa NARUDI, akakata, akaloweka kwenye sahani. Wote wawili wakainama kusubiri utando uteleze. Badala yake maji yakaanza kubadilika. N ikatanuka, A ikamwagika, na neno zima likawa wingu jepesi likizunguka sahanini, hadi pakabaki maji machafu.

"Hukupuliza vanishi," Suhaib alinong'ona.

Kosa hilo Shamimu hakuwahi kulifanya maisha yake yote ya kazi. Alitazama sahani, akaanza kulia, kilio cha sauti kubwa ambacho hata msibani hakukitoa.

"Hiki ndicho nilichokuwa naogopa," alisema. "Kwamba siku moja nitaangalia na hayupo. Na hayupo, Suhaib! Hayupo!"

Suhaib alisogeza stuli karibu, akatafuta kwa shida kitambaa kisicho na madoa ya rangi, akampa. Hakumnyamazisha.

"Nilimwonea wivu marehemu," alisema alipotulia. "Nisamehe, mpenzi."

"Na mie niliyatwisha magari yako mzigo wa mwingine. Nisamehe na wewe." Akajipangusa uso. "Tuchape tena. Gari la watu liwe kama lilivyokuwa."

Safari hii alipuliza vanishi.

Ijumaa walikwenda Kiwalani pamoja. Bi Mwanabaraka alilipokea gari kwa mikono miwili, akalizungusha, akasoma nyuma kwa kidole. "Narudi," alisema. "Hakurudi mwanangu." Akaligeuza chini, maana habari za namba alikuwa amezisikia. Pale tumboni palikuwa patupu.

"Namba yake iko mahali pake sasa," Shamimu alisema. "Mbele na nyuma. Mama, nilikuwa nakuja ili usiumie."

"Nami nililiacha ili usiumie wewe. Njoo hapa." Walikumbatiana kwa muda mrefu, na Suhaib akajifanya anakagua bati la nyumba. Kisha mama aliliweka gari juu ya kabati, pua ikitazama chumba, maandishi yakitazama ukuta. Jumamosi watu wa vyuma chakavu walikuja kuchukua lile kubwa.

Jumatatu iliyofuata Suhaib alikuwa kibandani Tandika na basi jipya mapajani, la kumpa Bwana Theonest badala ya lile alilolikataa. Walikuwa wanataniana kuhusu madoa ya shati lake ilipofika saa nne. Shamimu akanyamaza, akainamisha kichwa. Suhaib naye akasikiliza. Bodaboda zikapita, muuza dagaa akanadi, redio ya jirani ikaimba. Saa nne na dakika tano. Saa nne na dakika kumi. Machozi yakamshuka Shamimu, moja moja, bila kelele.

"Hakupita," alisema.

"Umefurahi au umeumia?"

"Vyote." Akavuta pumzi, akalichukua basi, akalilaza chali. "Hapa chini naandika jina langu. Fundi gani hana jina kwenye kazi yake?"

"La kwangu je, likae pembeni ya lako?"

"La kwako lipeleke kwanza kwa baba yangu, na wazee wako nyuma yako, na hilo shati ubadilishe."

"Wiki hii?"

"Wewe ulitaka mwakani?"

Akalichapa jina, herufi saba ndogo kuliko mchele. Kisha akachukua kopo la vanishi, akapuliza mara mbili.