Sayari ya Nyota Pacha

Meli ya Mwanza ilipofunga gati asubuhi ile, bandari ya Bukoba ilijaa mikokoteni, mizigo na watu wanaoitana. Annastella, mwalimu wa fizikia wa shule ya Kahororo, alitoka getini na boksi lake kifuani, gauni lake la kitenge cha njano likipeperushwa na upepo wa ziwa. Hakufika mbali.

"Dada, samahani. Nadhani umebeba kifaa cha mashine yangu ya kahawa."

Annastella aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, shati limenyooka kwa pasi, mikononi ana boksi lenye jina la Annastella.

"Na wewe umebeba nyota zangu," akamjibu.

Walibadilishana maboksi, kisha namba za simu. Kijana aliitwa Avit, mkaanga kahawa wa Nshamba, na jioni ile ile alipiga.

"Mwalimu, nyota zinaingiaje kwenye boksi?"

"Ni diski ya picha za darubini. Njoo Jumapili baada ya misa nikuonyeshe. Lete kahawa."

Alikuja, na Jumapili zilizofuata akaja tena, mpaka wakapendana. Annastella alimwonyesha nyota mbili pacha, changa bado kwa umri wa nyota, zinazozungukana huko mbali. Alikuwa katika kikundi cha watafiti wanaozichunguza. Jambo moja tu alimficha. Kando ya pacha wale alikuwa ameona nukta hafifu, naye aliamini ni sayari yao. Kiongozi wa kikundi alisema ni nyota nyingine iliyo nyuma, mbali zaidi. Alimruhusu athibitishe, ila asimwambie mtu wa nje, na akikosea nafasi yake apewe mwingine.

Siku Avit alipompeleka Nshamba kumwona mama yake, Agnetha, simu iliita. Annastella akasogea kwenye migomba. Alikuwa Isaac, mtafiti mwenzake wa Dar es Salaam.

"Isaac, nakuomba, Avit asijue. Nikipata uhakika nitamwambia mwenyewe."

Alipogeuka, Avit alikuwa amesimama na vikombe viwili vya kahawa.

"Isaac ni nani?"

"Mtu wa kazini. Kwa sasa siwezi kusema zaidi."

"Basi kazi njema," alisema Avit, akaviweka vikombe chini.

Baada ya hapo hakupokea simu. Annastella alipiga, akapiga tena, kisha hasira ikampanda. Kama ananiona mtu wa namna hiyo, alijisemea, na abaki na kahawa yake. Akarudi kwenye picha, za zamani na za sasa. Katika miaka iliyopita kati ya picha hizo, pacha walikuwa wamesogea kidogo angani. Nyota ya nyuma ingeachwa palepale. Nukta yake haikuachwa. Ilikuwa imekwenda nao.

Isaac alipima, akapata vilevile. Kiongozi alipima mwenyewe, kisha akapiga simu.

"Mwalimu, ni sayari. Jina lako litatangulia kwenye ripoti."

Annastella alikaa sakafuni akicheka huku machozi yanamtoka. Mtu wa kwanza aliyetamani kumwambia ni yule asiyepokea simu.

Habari ilitangazwa redioni, na Jumamosi moja mchana akaalikwa kuzungumza katika ukumbi wa Bakoba, palepale mjini. Isaac alikuja na mkewe, na Annastella akausimulia ukumbi jinsi yeye na Isaac walivyotunza siri ya sayari hadi ilipothibitishwa. Maswali yalipofika, mama mmoja mwenye kilemba cha bluu akasimama. Alikuwa Agnetha, na pembeni yake alikaa Avit.

"Waitu, mwalimu wetu, hao wakubwa wakizungukana hivyo, huyo mdogo hawamtupi?"

"Hawamtupi, Mama. Yuko mbali nao kiasi cha kutosha, anawazunguka wote wawili."

Ukumbi mzima ulipiga makofi.

Nje, Avit alimsubiri mlangoni. "Nilisikia jina la mwanamume, sikusikia kingine. Nisamehe, mpenzi."

"Ungeuliza tena."

"Niliogopa jibu."

Annastella alimtazama. Shati leo lilikuwa na mikunjo. "Na mimi ningekuambia kwamba ni siri ya kazi, si ya moyo. Nilijua ulivyoumia."

"Wazee wangu waje lini Kamachumu kwa Tata, baba yako?"

"Mwezi ujao nasafiri kwenda kwenye darubini yenyewe, Chile. Nitakuwa naenda na kurudi miaka mingi. Waje wakijua hilo."

"Watajua. Nitakuwa nakusindikiza na kukupokea."

"Basi waje Jumamosi ijayo."

Agnetha, aliyejifanya anatazama ziwa, tayari alikuwa na simu sikioni. "Shemeji," alisema, "Jumamosi ijayo usiende shamba. Tunakwenda Kamachumu kuposa."