Kabla Kuku Hajapasuliwa

— Panda pikipiki, Masalu. Huyo mwanamke usimtazame usoni, atakufunga tena.

Aliyesema hivyo ni Ezekia, kaka mkubwa wa mume wangu. Ilikuwa asubuhi, nyumbani kwetu Mwamkulu. Masalu alikuwa na begi dogo na blanketi. Mtoto wetu Deogratias alishika fito za ua, anatazama tu.

— Baba Deo, unaniacha kweli?

— Naenda Majimoto kutibiwa. Nikipona narudi.

— Si tulikubaliana twende hospitali?

Ezekia akacheka huku anapiga kiki.

— Hospitali wana sindano ya kumfungua mwanaume? Nyie Warundi kufunga mnajua sana. Kufungua ndiyo hamtaki.

Nimezaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wangu ndio waliotoka Burundi, na uraia wa Tanzania tunao. Lakini siku ukoo wa mume unatafuta mchawi, uraia haukusaidii kitu.

Pikipiki ikaondoka. Masalu hakugeuka.

Shida yenyewe ilikuwa ya chumbani. Tangu msimu wa kupalilia mpunga, Masalu alikuwa hawezi. Mwanzoni tulisema ni uchovu. Baadaye miguu ikaanza kuvimba, akawa analala ameugeukia ukuta. Nilimwambia:

— Mimi nilikupenda wewe, Baba Deo. Sikupenda kipande.

Aibu ilimpeleka kwa kaka yake, na kaka yake akaitisha kikao cha ukoo nyumbani kwake Majimoto. Nilipewa kuku nimpulizie pumzi mdomoni. Mganga akampasua, akamfungua kifua, akasoma ishara za ndani kama wanavyosoma Wasukuma. Akaonyesha doa jeusi chini ya bawa.

— Ni mke, akasema.

Nyanzala, mke wa Ezekia, akapiga vigelegele uwanja mzima ukasikia.

— Mkimbizi! Rudisha nguvu za shemeji yetu!

Ndiyo maana asubuhi ile walikuja kumchukua.

Nilimtumia ujumbe: "Baba Deo, umefikaje? Miguu bado inavimba? Deo anakuuliza."

Jibu likaja: "Usinitafute. Fungua ulichofunga."

Nikaandika tena: "Sijafunga kitu. Nakupenda. Rudi tukapime."

Jibu: "Nimepata mwanamke mwenye heshima. Kaa na uchawi wako."

Nililia, nikaingia shambani. Mpunga haukungojei umalize kulia.

Mavuno yalikuwa yamekwisha Masalu aliporudi. Aliletwa na bodaboda, amevimba uso, anajikuna mikono mpaka damu. Nilimshusha mwenyewe. Harufu ya mdomo wake ilikuwa kama ya mkojo.

— Walikuwa wanakupa nini?

— Mizizi. Dumu likiisha, kaka analeta lingine.

Sikuuliza zaidi. Nilimfunga kwa kanga mgongoni mwa dereva asianguke, tukaenda hospitali Mpanda.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Kabla ya vipimo alipiga magoti, akabonyeza dole gumba kwenye muundi wa Masalu. Alipoondoa kidole, shimo likabaki palepale. Nyama haikurudi.

— Baba, na chumbani vipi? akauliza.

Masalu akatazama dari.

— Nimefungwa, daktari.

Majibu ya damu na mkojo yalipotoka, alituita wote wawili.

— Figo zako zimechoka sana, baba. Presha imezila kimyakimya. Figo zikifeli, taka zinabaki kwenye damu. Damu yenyewe inapungua, mishipa inaharibika, hata homoni za kiume zinashuka. Damu haifiki inapotakiwa. Ile shida ya chumbani inatoka hukohuko. Kwa wengine ndiyo dalili wanayoiona mapema, wakaona aibu kusema. Na hiyo mizizi imekuzidishia.

— Kwa hiyo hakunifunga?

— Nani?

— Mke wangu.

Daktari aliweka karatasi za majibu mezani. Kisha akasema:

— Hakuna mtu aliyekufunga.

Masalu akanishika mkono.

— Nisamehe, Jeannine.

Tangu Deo azaliwe alikuwa hajaniita jina langu.

— Na zile meseji? nikamuuliza.

— Meseji gani? Simu alikuwa nayo kaka. Alisema mganga kakataza nisiongee na wewe.

— Na mwanamke mwenye heshima?

Akafumba macho.

— Waliniletea binti, eti wanijaribu.

— Ikawaje?

— Ikawa kama kwetu. Wakasema kamba yako ni ngumu, inafika mpaka Majimoto.

Tukacheka. Tulicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja. Aliandikiwa rufaa ya kwenda mbali kusafishwa damu, lakini alifariki kabla ya kufika.

Msibani Ezekia alisimama mbele ya kaburi, mbele ya mtoto wangu, akasema:

— Kamba ya Mrundi imemmaliza ndugu yangu.

Nilimshika Deo bega. Nilijiambia siku yako ipo, shemeji, hata nikiingoja mpaka nywele ziwe nyeupe.

Sikungoja sana. Msimu uliofuata simu iliita.

— Mama Deo, ni mimi, Mama Queen.

Alikuwa Nyanzala. Yule wa vigelegele.

— Nakusikia.

— Usikate, dada. Mwenzio nafukuzwa. Ezekia... hawezi. Tangu tuanze kupanda. Anasema nimemfunga mimi. Jumapili kuku wangu anapasuliwa.

— Hongera. Nitakuja kupiga vigelegele.

Akalia. Nilimwacha alie mpaka akaishiwa.

— Asubuhi uso wake unakuwaje?

— Umevimba. Macho kama ya mtu aliyelia.

— Miguu?

— Buti hazimwingii. Anavaa kandambili.

— Mkojo wake umewahi kuuona?

— Una povu. Nilidhani ndoo ina sabuni. Kwani ni nini, Mama Deo?

Nilikaa chini kwenye jamvi. Nilijua njia ile yote, kuanzia povu mpaka kaburi. Nilifurahi. Sisemi uongo, nilifurahi.

Ningeweza kunyamaza tu. Lakini Ezekia akifa, jina langu lingebaki na kamba, na Deo angekua anaitwa mtoto wa mchawi. Aliyeifunga kamba ile mdomoni mwa watu ni yeye. Nilitaka aifungue yeye mwenyewe.

— Usimwambie chochote, nikamjibu. Jumapili nakuja.

Uwanja ulikuwa uleule. Mganga alikuwa yuleyule, na kisu kilekile. Nyanzala amekaa chini, amemkumbatia kuku. Ezekia yuko kwenye kiti, miguu imejaa kwenye kandambili.

— Nani kamwita huyu? akafoka.

— Nimemfuata kuku, shemeji. Ukoo wa kuku unanijua.

Watu wakacheka chinichini. Nikamsogelea, nikapiga magoti kumsalimia kama mke wa ndugu yake anavyotakiwa. Wazee wakatikisa vichwa, wakaona nimekuja na adabu. Akanyoosha mkono niupokee. Mimi nikaukamata mguu. Nikabonyeza dole gumba kwenye muundi kwa nguvu zangu zote, nikahesabu moyoni, nikaachia.

Shimo likabaki. Lilikuwa kama unyayo kwenye tope la jaruba la mpunga.

— Njooni mtazame! nikapaza sauti. Mguu wa Masalu ulikuwa hivihivi. Shemeji, waambie watu. Chumbani kukoje?

— Mwanamke mwendawazimu! Mtoeni!

Hakuna aliyeinuka. Mzee Abednego, baba yake mdogo, aliinama akalitazama lile shimo. Kisha akasema taratibu:

— Ezekia, tulisema Masalu alifungwa na Mrundi. Wewe amekufunga nani?

— Mke wangu!

— Mama Queen ni Msukuma kama wewe, nikasema. Kufunga kajifunzia wapi? Kwangu hajawahi hata kunywa maji.

Safari hii walicheka waziwazi. Mganga akakishusha kisu.

— Nasikiliza, shemeji, nikaendelea. Ugonjwa wako naujua jina. Mume wangu aliusikia tukiwa tumechelewa kwa sababu yako. Sema ukweli mbele ya hawa watu, nami nitasema jina lake. Usiposema, mpasue kuku wako. Mimi nyumbani mpunga unaningoja.

Nikageuka kuondoka. Nilikuwa nimefika langoni mwa zizi.

— Subiri!

Nikasubiri.

— Mimi... sina nguvu.

— Sauti, shemeji. Siku ile yangu hata ng'ombe walisikia.

— Sina nguvu za kiume! Tangu tuanze kupanda!

— Na Masalu alifungwa na nani?

Akawatazama wazee. Hakuna aliyemsaidia.

— Hakufungwa.

— Jeannine alimfanya nini?

— Jeannine... hakumfanya kitu.

— Na meseji?

— Meseji zipi? akauliza Mzee Abednego.

— Mwache ajibu yeye.

Ezekia alifunika uso wake uliovimba.

— Niliandika mimi. Masalu alikuwa anataka kurudi kwa mkewe. Kila siku anataka kurudi. Nikaona ataniaibisha mbele ya ukoo.

Wanawake wakaguna. Hilo la kutaka kurudi kila siku sikulijua. Nilimrudia Ezekia mpaka kwenye kiti chake.

— Ni figo, nikasema. Nenda hospitali leo, siyo kesho. Mizizi mwaga.

Nyanzala alimwachia kuku, naye akaenda zake kudonoa pumba. Nyanzala akanikimbilia mikono wazi.

— Asante, dada yangu!

— Mimi ni mkimbizi, Mama Queen. Ulisema mwenyewe.

Mikono yake ikashuka.

Ezekia alipimwa Mpanda na daktari yuleyule. Figo zake zimeumia ila hazijafa. Amepewa dawa za presha, amekatazwa chumvi nyingi na mizizi. Nyanzala hajafukuzwa. Masalu wangu angekuwa hai kama angepelekwa mapema hivyo. Daktari hakuniambia, lakini nililiona usoni mwake.

Sasa kila akitoka kliniki Ezekia hukata kona mpaka Mwamkulu. Husimamisha pikipiki nje ya ua wangu, huvua kofia, hunisalimia kwa jina langu. Siitikii.