Koroga, Usiongeze Maji

Walikutana kwenye duka la ndoo lililofurika watu, wote wawili wameshika mpini wa ndoo moja, ya mwisho. Kijana mwenye shati la bluu lililopauka akaiachia. "Chukua wewe, dada. Ila nikubebee."

Akaibeba mpaka kwenye karakana ya vyombo vya udongo alikofanya kazi yule dada, na mwezi haukuisha naye akaajiriwa humo humo. Mapenzi nayo, nani angeyazuia?

Dada ndiye aliyechanganya uji wa kung'arishia, ule mweupe ambamo vikombe huchovywa kabla ya kuchomwa. Mama yake alipolazwa, alimwachia mpenzi wake ndoo.

"Utaukuta mzito kama gundi. Usibabaike. Uji ukikaa huganda, ukikorogwa hulegea. Koroga tu, usiongeze maji."

"Nimesikia, malkia wangu."

Alisikia, ndiyo! Wiki ya tatu, dada akapigiwa simu wodini na mwenye karakana: vikombe mia mbili vimetoka na mabaka, uji ameuchanganya ovyo, asirudi. Mama yake, kitandani, alisikia kila neno. Dada akampigia mpenzi wake. Akajibiwa pole, labda ni tanuri. Siku mbili baadaye akamzika mama.

Alirudi kufuata aproni yake tu. Mkono ukafunua ndoo wenyewe, kwa mazoea, akachovya kidole. Uji ukachuruzika, mistari ya ngozi ikabaki wazi.

"Uliongeza maji," akamwambia mpenzi wake aliyesimama kando.

Kijana akainamisha kichwa. Alikoroga kidogo, akasema, mkono ukachoka, na kazi ilitakiwa siku ile ile.

"Na nilipolaumiwa?"

"Nilikuwepo. Niliogopa kufukuzwa, nami nilitaka kukuoa. Nisamehe, mpenzi."

"Mama amekufa akijua mimi ndiye niliyeharibu."

Kijana akaenda ofisini, akasema kweli yote, akatoka bila kazi. Dada akarudishiwa ndoo zake. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Aliuacha uji utulie siku mbili, kisha akateka yale maji yaliyopanda juu, kikombe baada ya kikombe, akakoroga. Akachovya kidole. Safari hii kilitoka cheupe, ngozi haionekani.

Simu ikaita mezani, jina la kijana likiwaka. Dada aliitazama mpaka ikanyamaza, akavuta ndoo ya pili.