Sindano Iliyotulia

Sindano iliruka. Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli, anasikiliza santuri ya tarumbeta, mara ile sindano ikaruka kana kwamba imepigwa teke. Si jambo kubwa, utasema, santuri huruka. Lakini za Fundi zilikuwa zimeacha kuruka, na alijua vizuri kwa nini. Akainuka.

Huyu bwana alitengeneza redio na spika kwa riziki, na muda wake wote uliobaki aliumalizia kwenye santuri zake. Nyumba aliyoishi na dada yake mkubwa ilikuwa na sakafu ya mbao. Mtu akipiga chafya jikoni, sindano inaruka sebuleni. Basi Fundi akatangaza vita na mtetemo. Spika akazikalisha juu ya vipande vya mpira mzito. Mashine ya santuri akaiweka juu ya bamba la jiwe, na jiwe lenyewe juu ya mipira ya tenisi aliyoikata nusunusu. Alipomaliza alirukaruka sakafuni, mtu mzima na kitambi chake, na sindano ikatulia tuli. Alifurahi kupita kiasi.

Kitu kimoja hakukiwaza, au alikiwaza akakipuuza. Chumba cha pili alilala mama yao, ambaye kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya sauti. Akitaka kitu aligonga sakafu kwa fimbo. Muziki ukiwa juu fimbo haikusikika, ila sindano iliruka, na Fundi akajua anaitwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kengele ya mama, na mwanawe aliing'oa kwa mikono yake mwenyewe.

Mchana mmoja, dada akiwa kazini kwake kwenye duka la dobi, Fundi alisikiliza santuri pande zote mbili bila kukatizwa. Alipoingia kwa mama alimkuta chini, roho imeshatoka, fimbo mkononi, na ubao umechimbika kwa kugongwa. Akamrudisha kitandani, akamfunika vizuri. Dada aliporudi akamwambia, "Alilala tu, dada. Hakuita." Dada, ambaye kwa miezi alikuwa akimwogesha mama yao kila asubuhi, alimshukuru kwa kuwa karibu naye. Fundi akaipokea shukrani ile, na tangu hapo hakula chakula kikamshuka.

Na sasa sindano imeruka.

Akazima mashine, akachomoa waya ukutani. Ikaja harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyopakwa mama miguuni, kisha, mchana kweupe, watoto wa jirani wanacheza nje, akaona koni za spika zinaingia na kutoka, zinaingia na kutoka, taratibu, bila umeme wala sauti, kama kifua cha mtu anayehema, na alipoweka kiganja sakafuni akahisi kishindo kinapanda kutoka chini ya mbao, kikapita kwenye mpira na jiwe kana kwamba hakuna kilichowekwa, kikamwingia mifupani mpaka meno yakagongana.

"Unasikia?" dada alinong'ona akiwa mlangoni, amejishika kifua. "Kuna mtu anagonga chumbani kwa mama."

"Ni mabomba, dada."

"Mabomba gani yananuka dawa ya mama?"

Wakaita mganga. Alikuja mama mmoja mfupi, mwenye miwani na mkoba, asiye na mbwembwe. Alilala kifudifudi chumbani kwa marehemu, akatega sikio sakafuni, kisha akainuka anajipangusa vumbi.

"Huyu si mama yenu," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yenu kapumzika. Huyu ni jini, na humu ndani kuna aliyemfungulia mlango kwa siri anayoificha. Aitoe yote, amwambie aliyefichwa, leo hii. Ikibaki hata punje, jini hatoki. Atahamia kwa huyo aliyeibakiza."

Dada akamgeukia Fundi. "Mdogo wangu, kuna kitu?"

Fundi alijiona mchafu. Alitaka kusema, Mungu anajua alitaka. Lakini aliitazama mikono ya dada yake, imechubuka kwa maji na sabuni, ndiyo mikono iliyomlea, akaogopa kuikosa kuliko alivyomwogopa jini. Hakuwa na mwingine duniani.

"Nilisinzia," alisema. "Nadhani aliita, mimi nikawa nimesinzia. Nisamehe, dada."

Dada akalia, akamkumbatia. "Nani asiyesinzia? Na wewe ulikuwa umechoka."

Vishindo vikakoma. Harufu ikaondoka. Mganga alifunga mkoba wake, akamkazia Fundi macho kwa muda, akatoka bila kuaga.

Utulivu ulikuwa mzuri mno. Fundi aliona midomo ya dada inacheza bila kutoa neno. Dirishani watoto walikimbia kimya. Alikanyaga ubao kwa nguvu, na unyayo haukuhisi kitu. Hapo akaelewa kwamba sasa yeye ndiye aliyewekewa mpira chini. Ikamtoka yote, mipira, jiwe, santuri, mama alivyolala chini na ubao ulivyochimbika, kwa sauti ya kupasua koo, mdomo kwenye sikio la dada yake, anamsihi amchukie maisha yake yote lakini amsikie.

Dada alijifuta machozi, akaangalia huku na huku, macho yake yakapita juu ya uso wa ndugu yake bila kusimama.

"Mdogo wangu?" aliita. "Umekwenda wapi?"