Mtu Mmoja Bado Chini

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Chumba cha seva cha kampuni ya mgodi wa shaba, pale Kolwezi, ni kikavu na baridi, hata chupa ya maji hairuhusiwi kuingia. Lakini asubuhi ile, katikati ya kiangazi, kilinuka udongo uliolowa. Fidélie, fundi wa seva, akakagua sakafu, dari na viatu vyake mwenyewe. Hakuona tope. Akaiandikia idara ya majengo, nayo ikamjibu kwa upole kwamba harufu haimo katika mali inazozisimamia.

Kitu cha pili kilikuwa namba.

Seva ilikuwa moja, lakini ndani ilikuwa imegawanywa kama nyumba ya kupangisha: chumba cha badge, chumba cha mlipuko, chumba cha mishahara, kila kimoja kikijiona mashine kamili yenye akili zake. Vyumba hivyo viliongea kwa mtandao wa ndani usio na waya wala tundu, njia iliyoandikwa tu katika kumbukumbu ya seva. Chumba cha badge, zile kadi za wafanyakazi, kilihesabu nani ameingia shimoni na nani ametoka. Chumba cha mlipuko kilikiuliza kabla ya kila baruti, na jibu lisipokuwa sifuri, king'ora kiligoma na mwamba haukulipuliwa.

Siku hiyo badge zote zilikuwa zimetoka. Walinzi wakalizunguka shimo lote, hawakuona hata mbwa. Chumba cha badge kilisema sifuri. Chumba cha mlipuko kiliandika: MTU MMOJA BADO CHINI.

Kesho yake ikawa vile vile. Na kesho kutwa.

"Mama Fidélie, kata ile cable," akasema Directeur Kalonji, mkuu wa mgodi.

"Cable gani, tata Directeur?"

"Ile bile bichumba binaongeleaka nayo."

"Haiko. Njo maana banaita virtuel."

"Kama haiko, binaongea na nini? Na mulomo?"

Kabla ya jioni idara ya ununuzi ikamletea Fidélie koleo jipya la kukatia waya. Asaini hapa, na hapa, na hapa.

Kalonji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mkutano. Wakubwa walitaka shaba yao, akatoa amri: chumba cha mlipuko kikiendelea kugoma mpaka Ijumaa, mafundi wataunganisha king'ora moja kwa moja na kitufe, baruti isimwulize mtu tena. Fidélie alimsikia. Mume wake Stany alikuwa kwenye timu ya kutoboa mwamba, kazi ya kule chini kabisa. King'ora kisichouliza kingemjuaje Stany?

Akakizima chumba cha mlipuko, ambacho kwenye seva kiliandikwa MUKUNA. Kikazimika vizuri, kwa adabu. Lakini chumba cha badge kikaendelea kupokea maneno kutoka kwenye anwani yake, ya chumba ambacho sasa hakikuwapo. Akaifunga njia. Maneno yakapita. Akaifuta njia yenyewe, na hapo feni za seva, ambazo miaka yote zililia sauti moja tu ya kuchosha, zikaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, polepole, kwa uzito, kama mtu mwenye mchanga kifuani anayejitahidi kuvuta pumzi nyingine moja na kuikosa, na ile harufu ya udongo ikamjaa puani na kooni mpaka akahisi chembe zake kwenye meno, akageuka akimbie, akasikia nyuma yake, ndani ya chuma, kitu kikigonga bila haraka, kama anayejua kwamba juu yake wako watu.

Alimkuta Polycarpe, fundi mzee aliyemfundisha kazi, kwenye kantini na sahani yake ya ugali wa bukari.

"Tata Poly, kile chumba cha mlipuko, ulikiitaka MUKUNA. Mukuna njo nani?"

Polycarpe akaacha kutafuna. "Alikuwa mupimaji yetu ya shimo. Ukuta ulimuangukia. Batu balichimba, habakumupata." Akashusha sauti. "Nikasema jina yake isipotee. Nikaipa ile partition, kile chumba."

"Uliuliza familia?"

"Juu ya seva, mama?"

Fidélie akaisogeza kando sahani ya bukari. Kwao wote wawili jina la marehemu si pambo. Familia inaitwa, mama wa marehemu analitamka juu ya mtoto atakayelibeba, na aliyekufa anajua amerudi wapi. Polycarpe alikuwa amemwita mtu aliyezikwa na mwamba, kwa kibodi, bila shahidi, kisha akaenda kunywa kahawa.

Alhamisi wakamleta mama wa Mukuna kutoka Lubudi. Mama Huguette alikuwa mwembamba, na pemba, ule udongo mweupe, ameifunga kwenye leso. Getini walinzi walidai sababu ya ziara. Fidélie akaandika: matengenezo.

Katika chumba cha seva, Kalonji akiwa kando na kofia yake ya usalama kichwani, bibi huyo akaipaka mashine pemba kwa kidole.

"Mukuna, mwana wangu. Hapa hapana kwetu. Bamekuita mubaya. Jina tunaitosha, tunaiondoa. Rudi Lubudi, baba yako eko kule."

Fidélie akabadilisha jina, akaandika TIR-2, jina la kazi tu, akairudisha njia, akakiwasha chumba. Feni zikanyooka. Kwenye kioo cha seva: SIFURI.

"Enfin!" akasema Kalonji, na kule shimoni king'ora kikaanza kulia.

Kikalia kidogo. Kikakatika.

MTU MMOJA BADO CHINI.

"Ah non, non! Kesho ni kitufe tu!" Kalonji alikuwa ameshika simu tayari, lakini redio ya kiunoni ikamtangulia, sauti ikipasuka kwa woga:

"Batu ya siren, mungojee! Niko chini ya mashine, mupira ya mafuta ilipasuka! Badge yangu iko na Dady mu bisi!"

Fidélie akaijua sauti hiyo: Stany wake. Ni mazoea ya wote kule: bisi, basi la wafanyakazi, ikitaka kuondoka, rafiki anakupitishia badge, wewe unamalizia kazi na kupanda nyingine. Chumba cha badge kilikuwa kimeandika, kwa uaminifu wote, kwamba Stany ametoka.

Mama Huguette alikuwa akijifuta mkono kwenye leso. "Mi nilimuambia aende," akasema. "Hakuniitikia."

Stany alipokwisha kupandishwa salama, Kalonji akarudi na kalamu. "Bon. King'ora kimesikia badge, kimefanya kazi. Ya kitufe tunaacha. Sasa, kwa rapport: ule muzimu ametoka, ao hapana?"

Kwenye kioo, chumba cha badge kilionyesha bado lile jibu la saa ile kilipoulizwa, Stany akiwa bado chini: sifuri. Harufu ya udongo uliolowa ilikuwa nzito kiasi cha kutafunika. Fidélie akakigeuza kioo ukutani.

"Ametoka, tata Directeur."

Mlango ulipofungwa, akasogea karibu na feni, akanong'ona:

"Tata Mukuna. Kesho Stany eko na kazi ya asubuhi. Umuangalie."

Feni zikapanda. Zikashuka.