Kiganja cha Yasini

Mwanaima alitoka na kopo lake kuchota maji ya udhu, kwani adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Zaidi ya pipa la uani hakuwa na ruhusa ya kwenda. Alikuwa mjane, yumo edani, na kaniki aliyojifunga ilikuwa bado ina harufu ya dukani. Hapo uani akamkuta shemeji yake Alfani anahangaika na mashine ya boti.

Mashine yenyewe si ya Alfani. Ilikuwa ya marehemu Yasini, mume wa Mwanaima, na baada ya Yasini ni ya wanawe wawili, Issa na mdogo wake. Lakini nani wa kumwambia Alfani? Udongo wa kaburi haujakauka alikwishaibeba begani hadi upande wake wa ua, akaifunga kwenye ubao uliogusana na banda lake la makuti, mkia ukazama kwenye nusu pipa la maji. Watu wakasema baba mdogo anawatunzia yatima mali yao. Watu wa Kinjumbi wana midomo mitamu msibani.

Ila mashine iligoma. Ikiwa ya baridi, haiwaki. Alfani alibadilisha plagi, akachuja petroli kwa kitambaa, akafungua kabureta akaisafisha. Alimteremsha fundi Kornelio kutoka Kipatimu. Kornelio akaigusisha plagi kwenye chuma, ikatoa cheche safi ya buluu.

"Moto upo, mafuta yapo," alisema huku akifunga begi lake. "Mie nimeishia hapa."

Kilichobaki Mwanaima alikijua. Choki ya mashine ile, kibati cha kuzuia hewa, ilikuwa imelika, haifungi sawasawa. Kila alfajiri ya ndoa yao Yasini alivua kifuniko, akaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, na Mwanaima akavuta kamba. Mashine ikikosa hewa hunyonya mafuta kwa nguvu, na hutoa mlio wake... fyoooo... kama mtu anayevuta pumzi baada ya kulia sana. Kiganja kikiondolewa, kamba ya pili inawasha.

Siri hiyo ilikuwa ya wawili, na mmoja alikuwa ameshazikwa. Mwanaima hakuitoa. Kila aliposikia Alfani anavuta kamba bure, moyo wake ulipoa. Alijiambia kwamba Yasini huko aliko anawalindia wanawe riziki yao.

Jioni ile palikuwa na mgeni, mtu mzima aitwaye Iddi, aliyetoka Somanga kuinunua mashine. Aliipapasa mashine ubavuni kuhakikisha haijawashwa mchana.

"Ya moto hata mtoto anawasha," alisema. "Mie nataka iwake hivi hivi."

Alfani akavuta. Kimya. Akavuta tena. Kimya.

Iddi akamwona mjane, akateremsha macho. "Pole na msiba, mama."

"Tumeshapoa, baba."

"Natia udhu," Iddi alimwambia Alfani. "Nikimaliza haijawaka, nakwenda zangu msikitini." Akachukua birika, akachutama kando ya ukuta, mgongo kwao.

Mwanaima alitaka kutabasamu. Mali ya yatima hiyo, alisema moyoni, itakukaba koo.

Ndipo Alfani akainama kwenye makuti ya banda. Akanong'ona neno moja tu.

"Ziba."

Akashika kamba. Akavuta.

Fyoooo...

Kopo likamponyoka Mwanaima.

Katikati ya kuti na kuti ulikuwa umetoka mkono. Ulikuwa na udongo hadi kiwikoni. Kiganja kilikuwa kimeziba mdomo wa kabureta barabara, bila kupapasa, bila kubahatisha. Kidole cha mwisho hakikuwa na kucha. Nanga ndiyo iliyoing'oa, mwaka ule waliooana, na Mwanaima mwenyewe ndiye aliyekifunga kitambaa.

Mkono ukarudi ndani.

Kamba ya pili. Mashine ikanguruma, ua mzima ukajaa moshi. Harufu ya petroli ikatanda, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine... ya udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa leo.

"Alhamdulillahi!" Iddi aliinuka, maji yakimtiririka kidevuni. "Sasa hii ni mashine!"

Walipatana upesi. Wakaizima, wakaibeba wawili hadi barabarani kwenye guta la Iddi. Chakula cha watoto wa Yasini kikaondoka mabegani mwa watu. Walipotoweka, Mwanaima akaenda kwenye banda.

"Baba Issa?"

Kimya.

"Baba Issa... ni mie."

Makuti yakachakarika. Mkono ukatoka tena, kiganja wazi, ukapapasa juu ya ubao mtupu. Ulikuwa unatafuta mashine.

Mwanaima akaweka kiganja chake juu ya kile.

Kilikuwa na joto.

Mtu aliyemlilia mpaka sauti ikamkauka, mtu aliyesomewa hitima na kuliwa pilau yake, alikuwa na joto, na mshipa ulikuwa unapiga. Akangoja vidole vimshike. Havikumshika. Kiganja cha Yasini kilikisukuma tu cha kwake, kikakiziba kama mdomo wa kabureta, kikatulia hapo, kikingoja kamba ivutwe.

"Shemeji."

Alfani alikuwa nyuma yake. Hakupandisha sauti.

"Mwenye eda hagusi mkono wa mwanamume."

"Yuko hai," Mwanaima alinong'ona. "Alfani, ndugu yako huyu. Mlizika nini?"

"Tulimzika Yasini. Mji mzima umemswalia." Akamtazama kwa upole, na upole huo ndio uliomtia baridi ya mifupa. "Issa hajambo?"

Mwanaima akauvuta mkono wake kutoka ubaoni.

"Na mdogo wake? Wote wazima?"

"Wazima."

"Basi. Ingia ndani, shemeji."

Akaingia ndani. Afanye nini? Angepiga kelele, wangesema msiba umempanda kichwani, na watoto wa mama mwendawazimu hupelekwa kwa baba mdogo. Alimeza. Aliimeza hasira hiyo kila siku pamoja na uji, na kila siku ilikuwa chungu kuliko jana. Alimchukia Alfani. Na Mungu amsamehe, alimchukia na Yasini pia. Mkono ule ulikuwa umeukumbuka mdomo wa kabureta, wala haukumkumbuka yeye.

Eda ikaisha. Wanawake wakaja na ubani na leso mpya, wakamkalisha uani nyuma ya pazia ili wamwogeshe. Shangazi wa marehemu, aliyemlea Yasini tangu mtoto, ndiye aliyeshika kata ya maji.

"Sema, mwanangu," alimwambia. "Sema umemtoa kwa radhi, apumzike."

Mwanaima aliangalia kwenye upenyo wa pazia. Alfani alikuwa amekaa barazani kwake, Issa kasimama katikati ya magoti yake, na kiganja cha baba mdogo kimetulia kwenye shingo ya mtoto.

"Nimemtoa," alisema. Maneno yalimtoka kama jino. "Nimemtoa kwa radhi."

Ndani ya banda la makuti mtu akakohoa.

Kikohozi kikavu. Mara mbili... kisha kikazibwa.

Wote walikisikia. Vigelegele vilivyokuwa vimeshaanza vikafia mdomoni, na mwanamke mmoja akajifanya anakunja leso. Hakuna aliyegeuza shingo. Mwanaima alimwinulia macho shangazi, akaona bibi yule ameishusha kata. Alikuwa amekitambua. Nani kama yeye, aliyekesha na kikohozi hicho miaka yote ya utoto?

Shangazi akachota maji.

"Funga macho, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, akammwagia.